Ufagio Kwenye Matango

Weka huo ufagio chini!

Ndivyo nilivyomwambia binti mmoja wiki iliyopita, tena kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Tulikuwa hapa hapa Nkuhungu, Dodoma mjini, nyuma ya nyumba yangu, kwenye matuta yangu sita ya matango. Binti mwenyewe anaitwa Neema, amemaliza kusomea kilimo juzi tu, amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuja kwa adabu zote. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, naomba nirekodi video ya matango yako niwarushie wenzangu. Nikasema rekodi. Nikaingia ndani kumtafutia maji ya kunywa. Natoka na kikombe, namkuta ameinama na ufagio wangu wa uani, anakusanya maganda ya karanga niliyoyatandaza chini ya matango. Tuta la kwanza ameshalimaliza, jeupe kama uwanja wa kanisa. Maganda yako kwenye beseni, yanangoja kupelekwa shimo la taka.

"Nasafisha kidogo tu, bibi," akasema anatabasamu, "video itoke vizuri."

Nikapandwa na hasira. Sitarudia yote niliyosema, mengine hayaandikiki. Binti akaondoka analia, simu mkononi, na mimi sikumwita. Nimestaafu kazi, hasira hazijastaafu. Ila usiku ule ule nilijua kwamba nilimfokea Neema kwa kosa ambalo si lake. Kosa lile ni la zamani, na lina mwenyewe. Basi Neema, na nyie wote mnaotoka vyuoni na viatu vyeupe, kaeni chini niwaambie. Atakayechoka aondoke, asinipigie miayo.

Nilikuwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa serikali huko vijijini. Vijiji vya upande wa Chamwino nimevikanyaga kwa miguu, nimevikanyaga kwa baiskeli, na mwishoni kwa pikipiki iliyokuwa inazima kila ikiona mchanga. Kazi yangu kubwa ilikuwa mboga za kiangazi, na katika mboga zote nilipenda matango. Watu wakisikia matango Dodoma wanacheka. Eti kwenye ukame ule? Wanajua zabibu, uwele na alizeti, basi. Hawajui kwamba jua letu tango linalipenda, na magonjwa ya ukungu yanayowasumbua wenzetu wa kwenye mvua nyingi sisi hayatupati sana. Shida yetu ni maji na upepo. Ule upepo wa kiangazi unaoondoka na mabati ya watu, ndio huo huo unaonyonya udongo mpaka unabaki vumbi. Na tango ni maji yaliyovaa ngozi. Linyime maji siku mbili katikati ya kuzaa, uone. Maua yanapukutika, tunda linapinda, na lile litakalobaki ni chungu kama shubiri. Ukimwagilia mafuriko siku ya tatu ili ujikoshe, uchungu hautoki.

Sikujifunza hayo chuoni. Chuoni nilifundishwa lita. Nilifika kazini na daftari langu la lita, nikamkuta Mzee Ndahani, aliyekuwa analima mboga kando ya korongo tangu mimi sijazaliwa. Nikamsomea: kila mche lita kadhaa, kila siku, saa fulani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kama mtu aliye ibadani. Halafu akasema, "Sasa mwanangu, chomeka kidole."

"Wapi?"

"Kwenye udongo. Karibu na shina, usiguse shina. Zamisha mpaka kiungo cha pili."

Nikachomeka. Akaniuliza nasikia nini. Nikasema nasikia ubaridi, na udongo umenata kwenye kidole.

"Basi leo tango hapati kitu. Ukitoa kidole kikavu, ndiyo unampa. Hiki kidole hakina cheti, lakini hakijawahi kunidanganya."

Nilikasirika siku ile, maana nilikuwa na kiburi cha diploma. Sasa ninakasirika upande mwingine. Nawaona nyie mnamwagilia kwa kengele ya simu. Simu ikilia, maji. Jana kulikuwa na mawingu, udongo umelowa chepechepe, simu imelia, maji! Mizizi inaoza, mnakimbilia dukani kuuliza dawa. Dawa mnayo mikononi, vidole kumi vizima, hamtaki vichafuke.

Na mwagilieni chini, jamani, kwenye shina, alfajiri kabla upepo haujaamka. Kama una mipira ya matone, shukuru Mungu na uikague isizibe, maana maji yetu yana chumvi na chumvi inaganda kwenye vitundu. Kama huna, chukua chupa za plastiki, toboa kifuniko tundu la sindano, zifukie nusu kichwa chini kando ya mche, ujaze. Nimelima hivyo miaka mingi. Wanaocheka chupa zangu wananunua matango kwangu.

Haya, maganda. Hapa ndipo ugomvi wangu na Neema ulipoanzia, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Udongo wa Dodoma ukiuacha uchi, jua na upepo vinagawana maji yako kabla mzizi haujaonja. Lazima uufunike. Mwaka wangu wa kwanza nilijua hilo, nikafanya ujinga ambao mpaka leo wazee wakinikumbuka wanakohoa kuficha kicheko. Nilifunika matango ya kikundi cha akina mama kwa mabua ya uwele. Sasa kwetu, uwele ukishavunwa, mabua yaliyolala chini si ya mtu mmoja. Ng'ombe wa kijiji kizima wanaingia mashambani kuyala, na hakuna anayeomba ruhusa, ndivyo tulivyokuta. Mimi ni Mgogo wa kuzaliwa, nimechunga mbuzi kwenye mabua hayo hayo nikiwa mdogo, nilijua kabisa. Lakini diploma ilikuwa imenifuta akili. Nilipofika asubuhi ya tatu, ng'ombe kama ishirini walikuwa wanapata kifungua kinywa. Wamekula mabua, wamekula na matango kama kachumbari. Nikamvaa mchungaji wao, mzee mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja ameegemea fimbo, nikamfokea.

Akaniacha nimalize. "Bibi shamba," akasema, "umewatandikia ng'ombe meza, umewaandalia na mboga. Sasa unalia wamekula?"

Tangu hapo nikaachana na mabua. Nikageukia maganda ya karanga. Kila nyumba inabangua karanga, na maganda yanatupwa, na ng'ombe hana haja nayo. Ila yana namna yake. Ukiyamwaga makavu upepo utayapeleka kwa jirani, kwa hiyo unayalowesha kwanza usiku kucha, unatandaza unene wa vidole vinne, unanyunyizia maji yalale. Karibu na shina acha nafasi ya ngumi moja, wazi, maana ukilifunika shina unamwita mchwa na kuoza. Yakipungua unaongeza. Ukichomeka kidole chini yake saa saba mchana, nje kunawaka moto, utakuta ubaridi kama kivuli cha mtungi. Siku hizi mna nailoni nyeusi, nayo ni nzuri kwa aliyepitisha mipira ya matone chini yake. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu ametandika nailoni halafu anamwagilia juu yake kwa ndoo! Maji yanateleza yanakwenda njiani, yeye anashangaa mche unasinyaa. Nilitaka kumpiga na hiyo ndoo.

Sasa Mama Yohana.

Mama Yohana alikuwa mjane katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, maana wenyewe wapo. Mume wake alimwachia kipande cha shamba bondeni, karibu na kisima, kipande kizuri kuliko vyote upande ule. Shemeji yake, Meshaki, alikitaka. Kikao cha ukoo kikakaa, maneno yakawa mengi, mwisho wazee wakakata hivi: mama apewe kiangazi kimoja. Bustani ikisimama mpaka mvua za kwanza, kipande ni chake na watoto wake, na hakuna atakayeuliza tena. Bustani ikifa, shamba linarudi kwa ukoo, na kila mtu alijua ukoo maana yake Meshaki.

Alinifuata mimi. Alisimama mlangoni kwangu, khanga imefungwa kiunoni kwa kazi, akasema, "Bibi shamba, mimi sijasoma. Wewe sema, mimi nitafanya. Ila usiniambie kitu usichokuwa na hakika nacho, maana mimi sina kiangazi cha pili."

Tukapanda matango. Na niwaambie ukweli, sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule. Alichomeka kidole kila tuta, kila alfajiri. Alizunguka kijiji kizima kuomba maganda, watoto wakamwita Mama Maganda, akaitika. Mbolea ya majani, hiyo mnayoiita busta, nilimfundisha mara moja tu. Nikamwambia samadi iliyooza ndiyo ugali, na ya majani ni mlenda; huwezi kumlaza mtoto kwa mlenda mtupu. Pulizia asubuhi mapema au jua likishalegea, chini ya jani zaidi kuliko juu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na si kwa kipimo cha tamaa. Mche uliosinyaa usiuguse kwa busta, upe maji ya chini kwanza, usimame, ndipo ulishe. Na kubwa kuliko yote, maji ya kuchanganyia yasiwe ya kile kisima. Maji ya kisima kile yalikuwa na chumvi. Kwenye mzizi yanavumilika ukimwagilia kwa kiasi, lakini kwenye jani jua linakausha maji na kuiacha chumvi, inaunguza. Akaanza kubeba ndoo ya maji yasiyo na chumvi kichwani kutoka bomba la kijijini, mwendo wa karibu saa nzima, kwa ajili ya majani tu. Watu walimwona kichaa. Ana kisima mlangoni, anabeba maji!

Matango yale yalitambaa kwenye fito zake yakawa ukuta. Ya kijani iliyokoza, marefu, yamenyooka. Mzee mmoja wa ukoo alipita, akachuma moja, akalivunja, akala amesimama, akaondoka. Mama Yohana aliniambia, "Yule ni kura moja." Tukacheka. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili hivi mvua zije.

Halafu mkubwa wangu wa kazi akaja na habari. Mgeni mkubwa anapita, anataka kuona shamba la mfano, na shamba limechaguliwa la Mama Yohana. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikafikiri mgeni akilisifu mbele ya watu, Meshaki atafyata mkia.

Siku moja kabla ya ugeni, mkubwa akaja kukagua. Alisimama kwenye matuta, akaangalia chini, akakunja uso.

"Hii takataka yote ni ya nini?"

Nikamweleza, maganda ya karanga, matandazo, yanashika unyevu.

"Najua matandazo, nimesoma kabla yako. Lakini mgeni hafiki kwenye uchafu. Fagieni. Akiondoka mtarudisha."

Nyie mnajua kwetu ufagio ni nini. Mwanamke anapimwa kwa uwanja wake. Mgeni akija unafagia mpaka njia ya kwa jirani, alama za ufagio zionekane kwenye mchanga, ndiyo heshima. Akina mama wa kikundi cha kijiji kile waliposikia neno ugeni hawakungoja. Wakaingia na fagio zao, wanaimba, wanafagia shamba la matango kama sebule. Maganda yote wakayarundika kando, na mmoja, kwa wema wake, akayatia kiberiti asituachie uchafu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya pale. Walikuwa wanamsaidia mwenzao. Mwenye kujua madhara yake alikuwa mtu mmoja tu, amesimama pembeni ameshika daftari kifuani, anatazama moshi. Mtu huyo ni mimi.

Nilinyamaza. Nilijiambia ni siku moja tu.

Kesho yake mgeni aliambiwa anafika saa nne. Tumepanga mstari, akina mama wamevaa sare za kitenge, matuta meupe yanang'aa kwa ufagio. Saa nne ikapita. Saa tano. Upepo ukaanza, jua likawa kali mpaka udongo unachoma kupitia ndala. Hatukuruhusiwa kumwagilia, eti tope litachafua viatu vya mgeni. Saa sita mchana majani ya matango yakaanza kulala, moja moja, kama masikio ya punda aliyechoka. Mkubwa akayaona.

"Haya mbona yamelegea? Pulizia ile busta, yang'ae. Zidisha kipimo, mgeni yuko njiani."

Nikasema, "Mkuu, saa hizi jua..."

"Unabishana na mimi mbele ya watu?"

Ndoo ya maji ya bomba ilikuwa imenywewa na wageni waliofika mapema. Bomba la kijijini ni mbali. Kisima kiko hapo, hatua ishirini. Nikachota kisimani mwenyewe. Nikamimina busta kwenye bomba la kupulizia, lile la mgongoni, kifuniko kimoja, cha pili, cha tatu. Mama Yohana alikuwa ananitazama. Alinisogelea, akainama kama anayerekebisha kamba ya ndala, akaninong'oneza:

"Bibi shamba, si ulisema maji ya kisima kwenye majani hapana?"

Nikamwambia, "Leo nyamaza."

Hayo ndiyo maneno yangu. Mimi niliyemfundisha, mimi niliyeombwa nisimwambie kitu nisichokuwa na hakika nacho. Kwa hili nilikuwa na hakika kwamba yataunguza. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Nikalivaa bomba, nikapita tuta la kwanza mpaka la mwisho, saa saba mchana, juu ya majani yaliyosinyaa, maji ya chumvi na busta mara tatu. Akina mama wakapiga vigelegele.

Mgeni hakuja. Ilipigwa simu, eti ratiba imebana, amepitiliza. Mkubwa akapanda gari lake. Hata pole hakusema.

Nilibaki, tukamwagilia jioni ile, tukaosha majani kwa maji ya bomba yaliyobebwa na watoto wa shule, lakini tulikuwa tunamuogesha maiti. Kesho yake kingo za majani zilikuwa kahawia, siku ya tatu zimekauka zinakatika ukizigusa. Matunda yaliyobaki yakapinda. Mama Yohana alikata moja, akaonja, akatema pembeni kwa adabu, amegeuza uso nisimwone. Halafu akaniuliza, "Sasa tufanye nini, bibi shamba?" Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa bado ananiamini! Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba alikuwa bado ananiamini.

Tulijaribu. Tulikata yaliyokufa, tukatafuta maganda mapya, tukaacha busta kabisa, maji ya chini kidogo kidogo. Miche michache iliinua kichwa. Tungepata muda, labda. Lakini mkubwa alihitaji taarifa ya shamba la mfano lililokufa, na taarifa ikaja imeshachapwa, imebaki sahihi yangu. Sentensi moja naikumbuka mpaka kaburini: "Mkulima hakuzingatia maelekezo ya kitaalamu."

Mkulima hakuzingatia! Yule aliyebeba ndoo kichwani saa nzima kwa ajili ya majani!

Nilisaini. Msinitazame hivyo. Nilikuwa na watoto wanasoma, nilikuwa na hofu ya kuhamishwa, nilikuwa na sababu zote mlizonazo nyie leo mkiambiwa na wakubwa wenu mfanye ujinga. Nakala ikaenda ofisi ya kijiji. Meshaki akaipata. Kikao cha ukoo kilipokaa, hakusema neno lake hata moja, alimpa mwanawe asome karatasi ile kwa sauti, na akaonyesha sahihi ya bibi shamba. Wazee wakakata shamba lirudi kwa ukoo. Hata yule aliyekula tango amesimama aliinamisha kichwa. Mama Yohana akafungasha, akahama na watoto wake. Nilipopita pale mwaka uliofuata, Meshaki alikuwa ameng'oa fito, amepanda zabibu.

Sasa Neema, umeelewa kwa nini ufagio ule ulinipandisha? Uliyoyaona si hasira zangu za uzee. Uliamsha moshi ule.

Na bado sijamaliza kukasirika. Nina hasira na mkubwa yule, popote alipo. Nina hasira na ugeni, na sare, na mashamba ya kuonyeshea. Nina hasira na nyie mnaopulizia busta saa sita mchana kwa ajili ya picha, majani yang'ae kwenye simu, kesho yake yafe na hakuna anayerudi kupiga picha ya vifo. Lakini hasira kubwa kuliko zote ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu wengine walikosea bila kujua, na mimi nilijua. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha muda mrefu.

Mwaka jana nilifunga safari. Nilisikia Mama Yohana anaishi Buigiri kwa binti yake. Nilichuma matango yangu alfajiri, yale mazuri, nikayapanga kwenye kikapu, nikayafunika kwa kitambaa kilicholowa. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mlenda mkavu. Amezeeka, lakini mgongo umenyooka vile vile. Alinitambua kabla sijabisha hodi.

"Karibu, bibi shamba."

Nilikaa. Tukajuliana hali, watoto, wajukuu, miguu inavyouma. Nikamwekea kikapu mbele yake. Hotuba yangu yote niliyoitunga njiani ikapotea. Nikasema tu, "Mama Yohana, ile karatasi niliisaini mimi. Na nilijua kwamba ni uongo."

"Najua," akasema. "Mtoto wa Meshaki alisoma jina lako vizuri kabisa."

Akachukua tango moja, akalifuta kwa khanga, akalikata kwa kisu cha mboga, akatafuna taratibu. Mimi nilikuwa naangalia mdomo wake kama mtu anayesubiri hukumu. Halikuwa chungu, nilijua haliwezi kuwa chungu, lakini nilikuwa naogopa.

"Umeweka maganda?" akaniuliza.

"Nimeweka."

"Vidole vinne?"

"Vinne."

"Na maji ya majani?"

"Ya mvua. Nayakinga kwenye pipa."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Akameza. Halafu akaniangalia machoni, kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Siku ile nilikuuliza kitu, ukaniambia ninyamaze," akasema. "Leo naruhusiwa kusema?"

"Sema, mama."

"Matango yako ni mazuri," akasema. "Yangu yalikuwa mazuri kuliko haya."

Ni kweli. Niliyaona kwa macho yangu.